Baada ya Upasuaji wa Kaakaa: Namna ya Kutambua Matatizo na Hatua za Kuchukua

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kuziba mpasuko wa kaakaa hurudi nyumbani akiwa na kidonda ambacho mzazi hawezi kukifunga bandeji, hawezi kukipaka dawa, na mara nyingi hawezi hata kukiona vizuri. Kidonda hicho kimo ndani ya kinywa kinachokula, kinachomeza mate na kulia kutwa kucha, na hata hivyo hupona kwa watoto walio wengi. Kazi ya mlezi ni kukilinda na kuzisoma dalili zake, na dalili hizo hazisomeki bila kuhesabu siku: damu ya saa ya tatu si sawa na damu ya siku ya nane, wala maziwa yanayotoka puani katika juma la kwanza hayana maana ileile ya maziwa yanayotoka puani mwezi wa tatu. Kwa hiyo, kabla ya mengine yote, andika tarehe na saa ya upasuaji mahali panapoonekana, kisha kila jambo utakaloliona lipime kwa tarehe hiyo.

Pale maelezo haya yanapotofautiana na maelekezo ya daktari aliyempasua mtoto wako, fuata ya daktari, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiona kidonda na anajua amekishona kwa njia gani.

Kabla ya kutoka hospitalini

Wazazi wengi huondoka wodini wakiwa na karatasi ya dawa tu, na karatasi hiyo haitoshi. Siku ya kuruhusiwa, mwombe daktari au muuguzi akuoneshe kinywa cha mtoto kwa tochi, na ukikubaliwa, piga picha kwa simu. Siku ya kumi utakapoingiwa na hofu kwamba kuna tundu ambalo halikuwapo, utakuwa na kitu cha kulinganisha, na daktari utakayempigia simu atakuwa na cha kutazama badala ya kukisia kutokana na maneno yako.

Uliza kama kulichanjwa, yaani kulikatwa kwa kisu, pembeni mwa fizi, kama mtoto anaruhusiwa kunyonya ziwa au chuchu ya chupa, na namba ya kupiga usiku wa manane. Muhimu zaidi, uliza kama kuna sehemu ya mpasuko iliyoachwa wazi kwa makusudi. Mtoto ambaye mpasuko wake ulipita kwenye mdomo, fizi na kaakaa kwa pamoja mara nyingi huachiwa uwazi kwenye fizi na nyuma yake kidogo, hadi atakapopandikizwa mfupa katika fizi akiwa na umri wa kati ya miaka 7 na 11 hivi. Mzazi asiyeelezwa hilo huona kioevu kikipenya mbele ya kinywa na kuamini kwamba upasuaji umeharibika, ilhali kila kitu kipo kama kilivyopangwa.

Yanayotisha lakini ni ya kawaida

Ili kuziba kaakaa gumu, yaani sehemu ya mbele yenye mfupa, daktari huinua nyama iliyolala juu ya mfupa na kuisogeza kutoka pande zote mbili hadi ikutane katikati. Nyama hiyo ikivutwa sana, mshono hukatika. Ndiyo maana mara nyingi huchanjwa pia kandokando ya fizi, kushoto na kulia, kusudi mvuto upungue. Ni mbinu aliyoieleza Bernhard von Langenbeck wa Ujerumani mwaka 1861, na misingi yake ingali inatumika. Michanjo hiyo ya pembeni mara nyingi haishonwi. Huachwa wazi ijazwe na nyama mpya yenyewe, kazi inayochukua takribani majuma mawili hadi matatu.

Mzazi anayemulika tochi siku ya tatu ataona mifereji miwili myekundu pembeni mwa kaakaa, na siku ya sita ataikuta imefunikwa na utando mweupe au wa manjano. Huo si usaha, na mifereji hiyo si mshono ulioachia. Mshono wenyewe uko katikati, ukienda kutoka mbele hadi kwenye kimio, na hapo ndipo pa kuangalia. Usiukwangue utando huo kwa pamba wala kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa, kwa maana chini yake ndipo nyama mpya inapoota.

Katika majuma hayo utaona pia nyuzi zikining'inia. Ni za kuyeyuka zenyewe, na kuivuta moja kunaweza kulegeza nyingine. Kinywa kitatoa harufu. Mtoto atakoroma na kuhemea mdomoni kwa sababu njia ya nyuma ya pua imevimba na imekuwa nyembamba kuliko alivyoizoea tangu kuzaliwa. Homa ndogo katika siku moja au mbili za mwanzo hutokea mara nyingi na hushuka. Kinachohitaji daktari ni homa inayopanda hadi nyuzijoto 38.5 au zaidi, homa inayoanza upya baada ya mtoto kukaa siku kadhaa bila joto, au homa inayoambatana na kifua kubana.

Saa 48 za mwanzo: pumzi na damu

Hatari kubwa kuliko zote katika saa hizi ni kuziba kwa njia ya hewa, na ndiyo sababu mtoto hulazwa akiwa amefungwa kifaa cha kupima oksijeni kidoleni badala ya kuruhusiwa siku hiyohiyo. Wakati wa upasuaji kinywa hushikiliwa wazi kwa chuma kinachokandamiza ulimi, na operesheni ikichukua muda mrefu, ulimi unaweza kuvimba baadaye. Ongeza kamasi, damu kidogo, na kaakaa jipya lililopunguza nafasi ya hewa, na utaona kwa nini baadhi ya madaktari huacha uzi mmoja umepitishwa kwenye ulimi ili uweze kuvutwa mbele haraka ikibidi. Watoto wenye kidevu kidogo na ulimi uliorudi nyuma, hali inayoitwa Pierre Robin, ndio walio hatarini zaidi, na mzazi wao ana haki ya kuuliza kwa nini anaruhusiwa mapema iwapo mtoto bado anahangaika kupumua.

Kukoroma peke yake si dalili ya hatari. Mtazame kifuani. Ikiwa nyama ya kati ya mbavu au chini ya koo inabonyea kila anapovuta pumzi, ikiwa pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa kisha anashtuka, ikiwa anatoa mlio mkali wakati wa kuvuta hewa, au midomo inageuka buluu au kijivu, mgeuze kiubavu na umpeleke kwenye huduma ya dharura papo hapo. Usimwongezee dawa yoyote ya kumtuliza alale. Kodeini haifai kabisa hapa: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa kwamba isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 12, kwa kuwa miili ya baadhi ya watoto huigeuza kuwa mofini kwa kasi kubwa na pumzi ikapungua hadi kusimama.

Damu ni jambo la pili. Mate yenye rangi ya waridi au michirizi myekundu katika siku moja au mbili za mwanzo hayana tatizo. Damu nyekundu inayotiririka, mabonge, au damu inayojaa tena kinywani kila ukiipangusa ni dharura saa yoyote ile. Iliyo ngumu kutambulika ni ile inayomezwa. Mtoto aliyelala chali humeza damu yake kimyakimya na shuka lisipate hata doa. Utakachokiona ni koo linalopanda na kushuka mara kwa mara usingizini, ngozi inayopauka, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, na baadaye matapishi meusi yenye chembechembe zinazofanana na machicha ya kahawa. Kumeza huko kwa mfululizo usingizini ndiyo dalili ambayo ningependa kila mlezi aikariri kabla hajatoka wodini.

Ukiona damu, mwinue mtoto akae ameinamia mbele, au mlaze kiubavu ili damu itoke nje badala ya kushuka kooni. Usimshindilie kitambaa wala pamba kinywani. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji na kupewa tena dawa ya usingizi. Nenda hospitali hata kama damu imeonekana kukoma njiani. Kumbuka pia kwamba kuna damu ya namna ya pili, inayotokea baada ya siku kadhaa za utulivu, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, ambayo kwa kawaida huashiria maambukizi kwenye kidonda. Hata ikiwa kidogo, hiyo haisubiri siku ya kliniki.

Maji, maumivu na chakula

Watoto wengi wanaorudishwa hospitali katika juma la kwanza hawarudishwi kwa sababu mshono umeachia, bali kwa sababu wamekataa kunywa. Mzunguko wake ni mfupi: kinywa kinauma, mtoto hamezi, anakaukiwa maji, kinywa kinakauka na kuuma zaidi. Uanze kuuvunja kwenye maumivu. Mpe dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa katika siku za mwanzo, usingoje alie, na panga mlo uje takribani nusu saa baada ya dawa.

Kiwango cha parasetamoli kinachotumika sana ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, bila kuzidi dozi 4 ndani ya saa 24. Soma chupa vizuri, kwa sababu dawa ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti: kuna yenye miligramu 120 katika mililita 5 na yenye miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 120, yaani mililita 5 za dawa ya kwanza lakini mililita 2.4 tu za ile ya pili, na anayepima kwa kijiko cha chai bila kusoma chupa anaweza kumpa mara mbili ya anachohitaji. Aspirini isitumike kwa mtoto. Dawa nyingine, ikiwemo ibuprofeni, zitumike iwapo daktari wake amezikubali.

Hesabu nepi badala ya kuhesabu mililita za maziwa. Mtoto asiyekojoa kwa saa 8, anayelia bila machozi, ambaye utosi umebonyea au ulimi umekauka, anahitaji dripu, na kumlazimisha kunywa nyumbani katika hali hiyo ni kupoteza muda.

Chakula kiwe laini kiasi cha kutohitaji kutafunwa, na kisiwe cha moto, kwa majuma mawili hadi matatu au zaidi kadiri daktari atakavyosema. Tumia kikombe cha wazi, kijiko kifupi kinachoishia mdomoni mbele, au bomba la sindano lisilo na sindano lenye mpira laini, likielekezwa shavuni na kamwe si juu ya kaakaa. Kuhusu ziwa na chuchu ya chupa madaktari hawakubaliani. Wapo wanaoruhusu tangu siku ya kwanza na wapo wanaokataza kwa majuma kadhaa, nami ningemfuata aliyeshona. Mrija wa kunywea uachwe, na kitu chochote kirefu kisifike kinywani: uma, mswaki wa kuchezea, mpini wa mdoli, kalamu. Mwishoni mwa kila mlo mpe maji safi kidogo anywe. Ndiyo njia pekee ya kukiosha kidonda hiki ambayo haikigusi.

Hospitali nyingi huwafunga watoto vizuizi vya viwiko ili wasiweze kupeleka vidole kinywani. Tafiti chache zilizolinganisha watoto waliofungwa na wasiofungwa hazikuonesha tofauti ya wazi katika kupona kwa kaakaa, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi ikiwa mtoto alijivua usiku mmoja. Ikiwa umeagizwa kuvitumia, vivue kimoja baada ya kingine mara kadhaa kwa siku, ukunjue na kukunja kiwiko, na utazame kama ngozi imechubuka.

Kidonda kinapoachia

Mshono ukiachia, mara nyingi hutokea katika siku kumi au kumi na nne za mwanzo. Mpasuko mpana ndio unaotangulia kulaumiwa, kwa sababu nyama huwa imevutwa sana. Hufuatiwa na maambukizi, upungufu wa damu au lishe duni kabla ya upasuaji, na kuumizwa kwa kitu kigumu. Mara chache sehemu ya nyama iliyosogezwa hukosa damu ya kutosha na kufa, nayo hugeuka nyeusi au kijivu kisha kumomonyoka.

Angalia mstari wa katikati kwa tochi mara moja kwa siku, mtoto akiwa amelala mapajani pako kichwa kikielekea magotini, na kazi hiyo isizidi sekunde chache. Unatafuta ufa ambao kupitia kwake unaona giza, au uwekundu unaozidi siku hadi siku, au usaha halisi, ambao huwa mzito, una rangi ya kijani au kahawia na harufu inayozidi kuwa mbaya badala ya kupungua. Ukiona mojawapo, piga picha, ilinganishe na ile ya siku ya kuruhusiwa, na mjulishe daktari siku hiyohiyo.

Hatua inayofuata huwashangaza wazazi: kwa kawaida daktari hatashona tena mara moja. Atatibu maambukizi, atahimiza lishe, na atangoja. Nyama iliyokwisha kushonwa mara moja huwa imevimba na dhaifu, haishiki uzi, na kuirudia mapema huongeza tundu badala ya kulipunguza. Subira ya miezi 6 au zaidi ni jambo la kawaida, na ndani ya muda huo matundu mengine madogo hujifinya yenyewe.

Fistula: tundu linalobaki

Tundu lililobaki kati ya kinywa na pua baada ya kidonda kupona huitwa fistula ya kaakaa. Mahali linapopendelea ni pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma isiyo na mfupa, kwa sababu hapo ndipo nyama huwa nyembamba na mvuto huwa mkubwa. Pengine hutokea mbele zaidi, nyuma ya meno ya juu. Viwango vinavyoripotiwa vinatofautiana mno kati ya hospitali na hospitali, kutegemea upana wa mipasuko waliyopokea, njia ya kushona na jinsi walivyowafuatilia watoto, kwa hiyo asilimia moja inayotajwa kwa wote haina maana kubwa kwa mtoto mmoja.

Si kila kioevu kinachotoka puani ni ushahidi wa tundu. Katika majuma ya mwanzo kaakaa laini limevimba na bado halijajifunza kupanda na kufunga njia ya pua, hivyo maziwa yanaweza kuizunguka ncha yake ya nyuma na kutokea puani bila kupenya popote. Mtoto mwenye kaakaa zima kabisa naye hutokwa na maziwa puani anapotapika au anapocheka akiwa anakunywa. Kinachotiliwa shaka ni hali inayoendelea baada ya mwezi wa pili au wa tatu, mtoto akiwa amekaa wima, ametulia, anakunywa taratibu.

Kwa siku kadhaa andika ni kitu gani kinachotoka, maji peke yake au hata chakula kizito. Kinatoka tundu gani la pua. Na kinatoka mara tu anapoweka kinywani au baada ya kumeza. Kinachotoka kabla ya kumeza huelekeza kwenye tundu la mbele. Kinachotoka wakati wa kumeza huelekeza nyuma, kwenye kaakaa laini lisilofunga. Kamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu wa pua, isiyoambatana na mafua, mara nyingi ni chakula kilichonasa ndani ya tundu. Maelezo ya namna hii humsaidia daktari kuliko sentensi ya kwamba kila kitu kinapita puani.

Fistula ndogo isiyopitisha chakula wala kuharibu matamshi inaweza kuachwa ilivyo, au kungoja ifungwe pamoja na upasuaji mwingine uliokwisha kupangwa. Inayosumbua hufungwa kwa nyama ya jirani, au nyama ya ndani ya shavu, au hata kipande cha ulimi ambacho hubaki kimeshikamana na kaakaa kwa majuma mawili hadi matatu kabla ya kukatwa. Uliza waziwazi uwezekano wa tundu kurudi, kwa maana fistula iliyokwisha kufungwa mara moja hurudi kwa urahisi kuliko wazazi wanavyotarajia. Wakati wa kungoja, daktari wa meno anaweza kutengeneza kibamba cha plastiki kinachofunika tundu. Kivuliwe na kuoshwa kila siku, na kibadilishwe kadiri meno yanavyoota.

Hewa inayovuja puani wakati wa kusema

Kaakaa hushonwa kwa ajili ya kusema kuliko kwa ajili ya kula. Mtu anapotamka sauti yoyote isipokuwa za puani, kaakaa laini hupanda na kugusa ukuta wa nyuma wa koromeo, na hewa yote hupita mdomoni. Kaakaa lililoshonwa vizuri, lisilo na tundu hata moja, linaweza bado kuwa fupi au lisilopanda vya kutosha, na matokeo yake ni king'ong'o. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya watoto waliozibwa kaakaa watahitaji upasuaji mwingine kwa sababu hiyo. Tatizo hili halina homa, halina damu, halina siku linapoanza, na kwa hiyo ndilo linalocheleweshwa kuliko yote.

Anza kusikiliza mapema. Miezi michache baada ya upasuaji mtoto anapaswa kuanza kubwabwaja sauti za midomo na ulimi, kama ba na da. Ikiwa baada ya nusu mwaka anatumia m, n na irabu tu, au anakatiza sauti kooni badala ya kuitoa kwa midomo, mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi bila kungoja awe na maneno mengi.

Akishafikisha umri wa miaka mitatu au minne, kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Weka kioo kidogo, kikavu na cha baridi, chini ya pua yake, kisha aseme baba, dada, kaka, kuku, papa, neno mojamoja, bila kuhema katikati. Kioo kinapaswa kubaki safi. Kikifanya ukungu, hewa inavuja. Usitumie mama wala nani kwa kipimo hiki, kwa sababu m na n hutokea puani kwa kila mtu na kioo kitafanya ukungu hata kwako. Kisha arudie maneno yaleyale ya mwanzo ukiwa umemziba pua taratibu kwa vidole: sauti ikibadilika waziwazi baina ya pua iliyozibwa na isiyozibwa, una jambo la kumweleza daktari.

Hapo ni lazima kutenganisha mambo mawili. Njia ya pua isipofunga kwa sababu ya umbo la kaakaa, hakuna zoezi litakalorefusha nyama. Kupuliza mapovu, filimbi na puto hakujathibitika kusaidia matamshi, hata kama bado huagizwa sana, na familia hupoteza miaka kwa mazoezi hayo. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea kutamka k na t kooni, kwa kuwa hakuwa na hewa ya kutosha mdomoni, ataendelea na mazoea hayo hata baada ya kaakaa kurekebishwa, na hapo mtaalamu wa matamshi ndiye tiba yenyewe. Wengi huhitaji vyote viwili.

Kabla ya upasuaji wa pili daktari hutazama kaakaa likifanya kazi, kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani mtoto akizungumza, au kwa eksirei ya mwendo. Kulingana na anachokiona, anaweza kurefusha kaakaa kwa kuzungusha misuli yake, njia iliyochapishwa na Leonard Furlow mwaka 1986, au kushona kipande cha nyama ya ukuta wa koromeo kwenye kaakaa ili kupunguza uwazi. Njia hii ya pili huweza kuleta tatizo jingine, nalo ni pumzi kukatika usingizini. Baada yake, msikilize mtoto akilala kwa miezi kadhaa: kukoroma kwa nguvu kunakokatishwa na ukimya, jasho jingi, kukojoa kitandani kulikoanza upya na usingizi wa mchana si mambo ya kuyapuuza.

Onyo moja linalostahili kuandikwa kwenye jalada la kadi yake: mtu yeyote akipendekeza kuondoa nyama za nyuma ya pua, yaani adenoidi, mtoto asifanyiwe kabla ya timu iliyoshona kaakaa kushauriwa. Kwa baadhi ya watoto kaakaa hufunga njia kwa kuegemea nyama hizo, na zikiondolewa king'ong'o huanza ghafla.

Masikio na taya

Msuli unaofungua mrija wa hewa kati ya koo na sikio la kati ni mmojawapo wa misuli ya kaakaa, ndiyo maana karibu watoto wote wenye mpasuko hupata maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, na upasuaji hauyaondoi mara moja. Hayaumi. Mtoto huongeza sauti ya redio, hajibu akiitwa kwa nyuma, au huchelewa kusema na lawama yote ikaangukia kaakaa. Apimwe masikio kila mwaka angalau hadi aanze shule, na mara moja anapotokwa na usaha sikioni. Vimirija vya kupitisha hewa kwenye ngoma ya sikio husaidia baadhi yao, na usikivu hafifu unaodumu hutibiwa pia kwa kifaa cha kusikia.

Kovu la kaakaa, kwa upande wake, huzuia taya la juu kukua kwa upana na kwenda mbele. Meno ya juu huanza kung'ata ndani ya yale ya chini, na katika ujana uso wa kati huonekana umebonyea. Daktari wa kupanga meno amwone mtoto kabla ya upandikizaji wa mfupa wa fizi. Wachache watahitaji taya la juu kukatwa na kusogezwa mbele baada ya kimo kusimama, mwishoni mwa ujana. Taya likisogea mbele hulivuta na kaakaa, na uwazi wa nyuma unaweza kupanuka kiasi cha kurudisha king'ong'o kilichokuwa kimekwisha. Kwa hiyo matamshi yapimwe na kurekodiwa kabla ya tarehe ya upasuaji huo kupangwa, na kijana mwenyewe aelezwe uwezekano huo ili akubali akijua.